Sauti ya pili huandikwa: hamonaiza mikononi mwa mtu wa kwaya

Mtu aliyekulia kwenye kwaya hahitaji kuambiwa kwamba kiongozi akishikilia so, na kinanda kimetulia kwenye chodi ya do (do, mi na so zikilia pamoja), anayeitikia kwa juu anakwenda do. Haendi ti. Pengine hata sababu haijui. Sikio limeshaamua kabla mdomo haujafunguka. Plagini ya hamonaiza, yaani programu ya kompyuta inayotengeneza sauti za kuitikia kutoka kwenye sauti moja, ukiiambia tu "tatu juu" (noti ya tatu ukihesabu kuanzia ile inayoimbwa), itaimba ti. Itaiimba kwa kimo (ujuu au uchini wa noti) safi kabisa, ubeti baada ya ubeti, hadi mwisho wa wimbo, na mtu wa kwaya aliye chumbani atakunja uso.

Mimi ni mtu wa sauti ya tatu. Nimeiimba tangu sauti yangu ilipoanza kuwa nzito, na leo narekodi watu hapa Mwanza, mji uliotupa kwaya ya AIC Makongoro, mji ambao jioni ukipita mitaani hukosi kusikia mazoezi ya sauti nne. Wanaokuja studio, hata hivyo, wengi huja peke yao. Ni mwimbaji wa injili mwenye nauli ya mtu mmoja, au kijana wa Bongo Fleva ambaye wenzake wako kazini. Anaimba vizuri, kisha anasema anataka kiitikio kijae. Kujaa maana yake ni watu, na watu hawapo. Hapo ndipo hamonaiza inapoingia. Naipenda kwa dhati, kwa sharti moja ambalo ndilo lililonifanya niandike: noti za sauti ya pili naziandika mimi.

Kwanza tuione mashine yenyewe. Enzi za tepu, ukitaka kupandisha sauti uliizungusha tepu haraka zaidi. Kimo kilipanda, lakini maneno nayo yalikimbia na wimbo ukaisha mapema. Mwaka 1975 kampuni ya Eventide ya Marekani ilitoa H910, kisanduku kilichobuniwa na Tony Agnello, na jina lake la Harmonizer ndilo lililozaa hili letu. Kilihifadhi vipande vifupi vya sauti kwenye kumbukumbu ya kidijitali, kisha kikavisoma kwa mwendo tofauti na ule vilioingia nao. Ukisoma haraka, kimo kinapanda; kipande kikiisha unarudi nyuma kidogo na kusoma tena, hivyo urefu wa wimbo haubadiliki. Ugumu uko kwenye maungio. Fundi nguo anayeunga kitenge cha maua makubwa anaujua: nusu ya ua la upande huu isipokutana na nusu ya upande wa pili, mshono unaonekana kutoka mlangoni. H910 iligugumia pale mawimbi yalipokosa kukutana hivyo, na Eventide wakaendelea kulitafutia dawa kwenye mashine zilizofuata.

Ili kuunga vizuri, mashine lazima ijue wimbi moja linaanzia wapi na linaishia wapi. Kwa maneno mengine, lazima itambue kimo. Andy Hildebrand alifika kwenye kazi hiyo kutoka mbali: alikuwa akichambua mawimbi ya mitetemo ardhini kwa ajili ya watafuta mafuta. Hesabu za jamaa moja na zile akazipeleka kwenye sauti ya binadamu, na mwaka 1997 kampuni yake, Antares, ikatoa Auto-Tune, programu ya kurekebisha kimo cha mwimbaji. Harmony Engine, plagini ninayoitumia zaidi, ni ya Antares hiyo hiyo. Unaipa sauti moja, inakurudishia nne za kuambatana nayo.

Kuna neno ambalo kila anayegusa plagini hizi lazima alizoee: fomanti. Nyuzi za sauti hutoa kimo, lakini a inakuwa a na i inakuwa i kwa sababu ya umbo la koo na kinywa. Kwa mwanaume mtu mzima njia hiyo, kutoka kwenye nyuzi hadi midomoni, ina urefu wa sentimita 17 hivi, na ndiyo inayoamua masafa yapi yakuzwe na yapi yafifie. Masafa yanayokuzwa ndiyo fomanti. Sasa pandisha sauti nzima nusu toni nne (vitufe vinne vinavyofuatana kwenye kinanda, vyeupe na vyeusi) bila kujali: kila kitu kinazidishwa kwa takriban 1.26, fomanti zikiwamo. Kwa sikio, koo la sentimita 17 limekuwa la sentimita 13 na nusu, na mzee wa kanisa amegeuka mtoto. Ndiyo maana kitu cha kwanza ninachohakikisha kimewashwa ni ulinzi wa fomanti. Irabu zetu ni tano tu na tunazitamka zikiwa wazi. O ikisogea kidogo kuelekea a, msikilizaji anaisikia papo hapo, hata kama hawezi kusema kilichoharibika.

Miongozo ya plagini hizi haikuandikwa kwa kufikiria Kiswahili, na kuna mambo ya lugha yetu ambayo nimelazimika kuyasikiliza mwenyewe. Imba "moyoni mwangu". Kuanzia m ya kwanza hadi u ya mwisho nyuzi za sauti haziachi kutetemeka, kwa hiyo mashine inashika kimo mwanzoni na kukaa nacho. Sasa imba "nitakusifu". Konsonanti t, k, s na f zote hutoka bila nyuzi kutetemeka. Ndani ya neno moja mashine inapoteza kimo mara nne na kukitafuta upya mara nne, na mahali pengine ina irabu fupi tu ya kukipatia. Ikichelewa kwenye ile a ya kati, unasikia mpasuko mdogo, kama sauti imekwaruzwa. Mwimbaji akiivuta a kidogo na kuipa pumzi, mpasuko unaondoka. Namwomba afanye hivyo wakati wa kurekodi, maana hakuna kitufe kitakacholifanya vizuri kama yeye.

Halafu zile s. Kiongozi ana s yake, na sauti nne za nyongeza zina s ile ile, kwa wakati ule ule, isiyopanda wala kushuka kwa sababu haina kimo cha kupandisha. Zikijumlishwa zinapuliza masikio. Mimi huzikata kabisa kwenye sauti za nyongeza na kuacha ya kiongozi peke yake. Itatosha kwa wote. Walimu wengi wa kwaya hufanya hivyo hivyo wanapowaambia watu s ya mwisho waiguse kidogo sana. Neno kama "msalaba" lina mtego wake: ile m ni silabi kamili yenye noti yake, kisha inafuatwa na s isiyo na kimo. Nisipoiandikia m noti yake, sauti za nyongeza zinaanzia kwenye a na kiitikio kinasikika "salaba". Mtu asiyejua Kiswahili angeweza kumiksi wimbo mzima bila kuliona hilo.

Turudi kwenye ti. Hamonaiza nyingi zina njia tatu za kuamua noti. Ya kwanza ni umbali usiobadilika: nusu toni nne juu, basi. Kwenye kii ya C (wimbo ambao C ndiyo do yake) do itapata mi yake, lakini mi itapata so iliyopandishwa nusu toni, noti ambayo haimo kwenye kii hiyo, na wimbo unapinda hapo hapo. Ya pili ni kufuata skeli, yaani ngazi ya noti saba za wimbo. Unaiambia kii ni C, unaomba tatu juu, nayo inahesabu kwa noti za skeli tu: do inapata mi, re inapata fa, mi inapata so. Eventide waliiweka akili hii kwenye H3000 miaka ya 1980, na watu wengi wanaofungua plagini leo huishia hapo.

Kuna muziki ambao njia hiyo inaufaa sana. Waimbaji wa bendi za dansi, kutoka Dar es Salaam hadi Kinshasa, walijenga utamu mwingi kwa sauti mbili zinazotembea sambamba kwa tatu, na kiitikio cha Bongo Fleva chenye damu ya rumba kinakubali skeli bila ubishi. Nitarekebisha noti ya mwisho wa mstari, pengine na ile so iliyo ndefu, na kazi imekwisha.

Kwaya haikubali. Skeli inajua noti zipi ni halali. Haijui chodi gani iko chini yake. Kiongozi akimalizia re, do, nawe umeomba tatu chini, mashine inaimba ti, la. Ile la chini ya do ya mwisho, juu ya chodi ya do, inaufanya wimbo wa shangwe uishe na huzuni ambayo hakuna aliyeiomba. Mtu wa sauti ya pili angetua kwenye so au mi. Na hata ukirekebisha miisho yote, kuna kasoro kubwa zaidi: sauti inayofuata kiongozi hatua kwa hatua haina maisha yake. Sikiliza kwaya nzuri ya sauti nne. Mara sauti ya pili imesimama pale pale huku ya kwanza ikipanda hatua mbili, na kusimama kwake ndiko kunakoufanya upandaji usikike. Mara besi inashuka na sauti ya tatu inapanda, na katikati yao panafunguka nafasi ambayo wimbo wote unapumulia. Aliyeandika sauti zile alifikiri juu ya kila moja kama mtu mwenye safari yake. Huo ni utunzi, na unastahili muda uleule tunaoupa melodi.

Njia ya tatu, basi, ni midi: wewe unapiga noti kwenye kibodi, plagini inachukua maneno na pumzi za kiongozi na kuzipeleka kwenye noti zako. Naanza na karatasi. Naandika do re mi kama tulivyofundishwa, herufi na nukta mbili, mistari minne, maneno chini. Wengi wa rika langu wanaopiga kinanda kanisani wanasoma hizi kuliko mistari mitano, na zina faida kwamba unauona uhusiano wa noti na do yake moja kwa moja. Nikimaliza napiga kila sauti kwenye traki yake. Kwa anayetumia programu ya muziki ya FL Studio, plagini yake ya Pitcher inafanya kazi hii hii, hadi noti nne kwa pamoja, ukiiendesha kutoka kwenye piano roll, ukurasa wa kuchorea noti. Kwa anayetumia programu ya REAPER ipo ReaPitch, inayotumia umbali usiobadilika kwa kila sauti unayoongeza, lakini umbali huo unaweza kuuandikia mabadiliko noti kwa noti. Ni kazi ya subira, na inalipa.

Faida ya kuandika inaonekana mara ya kwanza unapoacha sauti moja ikae. Kiongozi anaimba mi, fa, so. Sauti ya tatu inabaki do, do, do. Skeli haiwezi kufanya hivyo hata ukiibembeleza, kwa sababu kazi yake ni kufuata. Ukiandika, ni noti moja ndefu. Na hapo ndipo wimbo unapoanza kusikika umeimbwa na watu waliokaa pamoja wakakubaliana.

Jambo moja dogo kwa wanaopenda kuchimba. Kinanda kimegawa oktavu (kutoka do hadi do inayofuata) katika nusu toni 12 zinazolingana, kila moja senti 100, hivyo mi iko senti 400 juu ya do. Mi inayotokana na uwiano safi wa 5 kwa 4 iko senti 386. Kwenye kipande kisicho na ala, nikiishusha mi ya plagini hizo senti 14, chodi inatulia kwa namna ambayo hata asiyejua muziki anainua kichwa. Kinanda kikiwepo siigusi, maana wawili hao watagombana.

Maandalizi nayapita haraka. Sauti ya kiongozi iingie kavu, bila mwangwi, mtu mmoja peke yake kwenye maiki, maana plagini hizi husoma kimo kimoja tu na sauti ya pili ikivuja zinachanganyikiwa. Feni izimwe. Kimo cha kiongozi kirekebishwe kabla ya hamonaiza, kwa kuwa kasoro moja ikiingia zinatoka tano. Magodoro ukutani yana msaada wake, ila kuimba karibu na maiki kuna msaada mkubwa zaidi.

Baada ya noti kuwa sahihi, inabaki kuzifanya ziwe watu. Sauti nne zilizotoka kwenye koo moja zinaanza neno kwa pamoja kabisa, na hakuna kwaya duniani inayofanya hivyo. Naichelewesha kila sauti kwa kiasi chake, kati ya milisekunde 10 na 25. Fomanti naisogeza kidogo kwa kila moja, juu kwa sauti ya pili, chini kwa ya tatu, kiasi ambacho ukiisikiliza peke yake unaamini ni ndugu wa kiongozi. Kimo nakipotosha senti chache, tofauti kwa kila mmoja. Nazipeleka kushoto na kulia, nazipunguzia ung'avu wa juu, na nazishusha desibeli 6 hadi 10 chini ya kiongozi. Kisha, kama kuna mtu yeyote nyumbani anayeweza kuimba, namwita aimbe sauti moja tu juu ya zile za mashine. Dada wa mwimbaji, jirani, yeyote. Koo moja la kweli katikati ya manne ya plagini huyabeba yote, na sikio linaacha kuuliza maswali.

Mipaka ipo na ni vizuri kuiheshimu. Mimi sipendi kusogeza sauti zaidi ya noti tano za skeli, juu au chini. Zaidi ya hapo konsonanti zinayeyuka na pumzi inasikika ngeni. Besi sitengenezi kabisa kutoka kwa sauti ya kike. Besi ni kifua cha mtu, na kila nilipoipata kutoka kwa mzee aliyekuja kuimba dakika kumi, wimbo ulikaa chini.

Kuna muziki wetu ambao hamonaiza isiuguse, angalau kwa njia hii. Taarab ya Zanzibar imekua ndani ya mahadhi yenye asili ya Kiarabu, na baadhi yake, kama Rast na Bayati, yana noti zinazokaa katikati ya vitufe vya kinanda. Plagini iliyowekwa kwenye skeli ya kawaida itazivuta noti hizo kwenda kwenye kitufe cha jirani na kuua kile kile kilichomfanya msikilizaji atunze. Isitoshe, utamu wa taarab hautokani na chodi. Fidla, ganuni na mwimbaji wanafuata melodi moja, kila mmoja akiipamba kwa mkono wake. Ukiiongezea tatu juu umeihamisha nyumba. Wagogo wa Dodoma wana habari nyingine. Wao wana uimbaji wa sauti nyingi wa kwao, wa zamani, na noti zao ziko karibu na zile za asili zinazotoka kwenye uzi mmoja ukitetemeka. Noti ya saba katika mfululizo huo iko senti 969, wakati kinanda kingeipa 1000. Sikiliza rekodi za Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, kisha weka plagini ya kawaida juu ya sauti kama ile, utasikia senti 31 zinavyoweza kuvunja kitu. Anayetaka kufanya kazi na muziki huo azime skeli na urekebishaji wote, aandike senti zake mwenyewe. Baadhi ya plagini zinaruhusu, na natamani watengenezaji wangeliweka hilo mbele badala ya kulificha kwenye kurasa za ndani.

Huwa naulizwa kuhusu kutumia hamonaiza ibadani, moja kwa moja. Inawezekana, lakini fizikia haina huruma. Mwanaume akiimba noti ya masafa 100 kwa sekunde, wimbi moja linachukua milisekunde 10, na mashine inahitaji angalau mawimbi mawili kabla haijajua kimo. Hizo ni milisekunde 20 kabla ya kompyuta yenyewe kuongeza kuchelewa kwake. Kwenye kiitikio cha polepole si neno. Kwenye sebene mwimbaji atahisi anavutwa shati. Sauti moja ya nyongeza, ikiongozwa na chodi za mpiga kinanda, ndiyo ninayoshauri kanisani.

Matumizi ninayoyapenda kuliko yote hayaingii kabisa kwenye wimbo uliokamilika. Mwalimu wa kwaya akiwa na wimbo mpya, namwimbia sauti ya kwanza, naandika nyingine tatu, na hamonaiza inaziimba zikiwa na maneno. Kisha natoa mafaili manne, moja kwa kila kundi: sauti yao mbele, nyingine tatu zikiwa chini sana, na pigo la kuhesabia mwanzoni. Yanakwenda kwenye kundi la WhatsApp la kwaya kama dokumenti, ili faili lifike lilivyo bila kubanwa. Mama anayeuza samaki Kirumba anaisikiliza sauti yake kwenye eafoni akisubiri wateja, na akifika mazoezini anakuja na maswali kuhusu noti, hajaja kuanza kuitafuta. Walionisumbua mwanzoni ni watu wa besi, waliolalamika kwamba faili lao halisikiki. Walikuwa wanasikiliza kwa spika ya simu, ambayo noti za chini namna ile haiwezi kuzitoa. Sasa faili la besi nalipandisha oktavu nzima kabla ya kulituma, na jina la faili linasema hivyo, ili atakayelisikiliza ajue kwamba mazoezini ataishusha.